Meza, Mwavuli, Sola na Kigoda

Walisema Krismasi haitanikuta na kibanda. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mjomba, kaka yake mama, na alisema mbele ya ukoo mzima nyumbani kwetu Nagongera, wiki ile ile niliyorudi kutoka Nairobi. Alikuwa ameishika diploma yangu ya elektroniki, yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, akiigeuza huku na huku kama mtu anayekagua shati la mtumba.

"Mpwa wangu, karatasi ni nzuri," alisema. "Lakini pale Busia simu zinatengenezwa na watu ambao hawakumaliza hata la saba, na wanakula. Wewe utawatengenezea watu simu au utawahutubia?"

Ukoo ulicheka. Nami nilicheka, kwa sababu mtu aliyebeba magunia soko la Gikomba mchana na kusoma jioni kwa miaka minne hatishwi na kicheko. Diploma ile hakunilipia mtu. Nilijilipia mwenyewe, kwa mgongo wangu, na nasema hivyo popote ninapopewa nafasi, hata nisipopewa.

Shida ni kwamba nilirudi na mkoba wa vifaa na karatasi ile, basi. Ilibidi niazime. Shangazi yangu alinipa meza yenye droo, mguu wake mmoja ukiwa umelegea. Mama mmoja wa Lunyo, anayeuza samaki na aliyesoma darasa moja na mama yangu, alinipa mwavuli mkubwa wa biashara. Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu alinipa sola na betri wanayotumia kuwasha kinanda, kwa sharti kwamba nichaji simu za wanakwaya bure. Sikujua wakati huo kwamba kila mwanakwaya ana simu mbili.

Wa nne alikuwa mjomba mwenyewe. Alinikabidhi kigoda chake cha miguu mitatu.

"Wateja wasipokuja," alisema, "angalau usisubiri ukiwa umesimama."

Wote wanne walitaka vitu vyao kabla ya Krismasi. Na kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Ukiazima ungo unarudi na mtama kidogo, ukiazima sufuria inarudi na hata viazi viwili. Kurudisha chombo kitupu ni kutangaza kwamba nyumbani kwako hakuna kitu. Nilipomuuliza shangazi kama desturi hiyo inahusu meza, aliniangalia kwa huruma.

"Kwani meza si chombo?" alisema. "Ina droo."

Basi nikawa na miezi minane. Kama ningeshindwa, ningepanda Nagongera mkesha wa Krismasi na meza tupu mbele ya ukoo ule ule, na mjomba angeishi miaka mingine ishirini kwa kusimulia habari hiyo tu.

Kibanda nilikiweka Busia mpakani, upande wa Uganda, hatua chache kutoka foleni ya malori. Diploma niliipiga plastiki nikaining'iniza kwenye mti wa mwavuli. Wateja walidhani ni leseni ya kuuza dawa, na mmoja aliniomba ya minyoo.

Katika kibanda kile nilijifunza kuhusu watu mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Mteja wa Busia akinunua chaja haulizi kama ni nzuri. Anauliza, "Hii ni orijino, orijino kopi, ama kopi yenyewe?" Na ukimwambia ni kopi, anakushukuru kwa ukweli wako, kisha anakwenda kwa jirani anayemuuzia ile ile akiiita orijino. Nimefungua chaja nyingi. Zile zenye maneno mengi kwenye kasha ndizo zenye vitu vichache tumboni. Ushauri wangu, na nautoa bure, ni kwamba chaja ipimwe kwa mkono. Ikiwa nyepesi kama ganda la karanga, mrudishie mwenyewe.

Nimegundua pia kwamba mtu anayebishana nusu saa juu ya bei ya nyanya atabonyeza chochote kinachomwahidi zawadi kwenye simu. Mjomba ndiye bingwa. Katika kundi la ukoo hatupumziki. Leo ametutumia tangazo la mabati ya bure kwa watu kumi wa kwanza, kesho kitunguu kinachotibu macho, keshokutwa onyo kwamba simu zote zitazimwa usiposambaza ujumbe huo. Nilipomwandikia kwamba hayo ni uongo, alijibu: "Wewe ulipata yako Nairobi, waache wenzako wapate mabati." Watu kumi na saba wakaweka kidole gumba. Shangazi aliweka viwili.

Lakini kilichonipa jina, na nusura kinivunje, ni mtandao wa mpakani.

Pale Busia simu haijui mpaka. Umesimama Uganda, laini yako ni ya Uganda, lakini simu inaona mnara wa Kenya una nguvu zaidi na inahamia huko bila kukuaga. Unapiga simu Tororo unatozwa kama mgeni. Unafungua picha moja, bando limekwisha. Watu walikuwa wakiapa kwamba simu zao zina pepo. Mama wa Lunyo, yule wa samaki, alikuja na katochi yake, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, akaipiga juu ya meza.

"Fundi, hii simu nakula pesa kuliko watoto," alisema. "Asubuhi naweka, saa nne hakuna."

Nilimtazama kama daktari. Niliingia ndani ya menyu, nikaizuia simu isijitafutie mtandao, nikaifungia kwenye mtandao wa Uganda pekee. Dakika moja. Nilimweleza kwa maneno yote ya chuo, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na siku tatu baadaye salio lake lilikuwa palepale. Habari ilienea sokoni. Akina mama wa samaki walipanga mstari, na niliwafungia wote simu, mmoja baada ya mwingine, huku nikitoa mhadhara mdogo juu ya minara. Jioni ile nilituma picha ya mstari huo kwenye kundi la ukoo. Sikuandika neno. Picha ilitosha.

Sasa niseme kosa langu mwenyewe, maana akilisema mjomba atalitia chumvi. Akina mama wale hawakai Busia. Wananunua ngege alfajiri ziwani, wanavuka geti la mpaka, wanapeleka samaki mpaka Bumala, ndani kabisa ya Kenya. Na huko Bumala mtandao wa Uganda haufiki. Simu niliyoikataza kuhama ilifika kule ikatii amri yangu. Ilikaa kimya kama jiwe. Mimi mwenye diploma nilizitibu simu za watu wanaovuka mpaka kila siku ya soko, nikasahau kwamba wanavuka.

Alhamisi niliwaona wakirudi. Walikuwa kama kumi na wawili, mabeseni kichwani. Mama wa Lunyo alikuwa mbele.

"Mulembe, mama," nilisalimu.

"Mulembe gani? Umeua simu yangu!"

"Mama, tafadhali, nieleze."

"Mwenye hoteli napigia mimi tangu asubuhi, simu nasema hakuna mtandao. Yeye nanipigia, hanipati, ananunua kwa mtu mwingine. Samaki nimekaa nao juani mpaka macho yao imeingia ndani. Angalia!"

Aliinamisha beseni. Macho ya samaki yalikuwa yameingia ndani kweli.

"Na ile karatasi yako nafundisha nini?" aliuliza mwenzake kutoka nyuma. "Kuua simu?"

Nilianza kueleza juu ya minara. Mama wa Lunyo hakungoja. Aliing'oa diploma yangu kutoka kwenye mti wa mwavuli, akaiweka mezani taratibu, kwa adabu hata, kisha akaufunga mwavuli wake akaondoka nao begani.

Asiyewahi kutengeneza simu juani hajui. Kioo hakionekani, risasi ya kulehemu inayeyuka kabla hujaitaka, na jasho linadondoka ndani ya simu ya mtu. Kwa wiki moja wateja walipita mbali. Nilikaa juu ya kigoda cha mjomba, nikisubiri kama alivyotabiri, na kilikuwa kigoda kizuri, sikatai. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu.

Dawa yenyewe niliijua. Ukivuka kwenda Kenya unafungua, ukirudi unafunga. Lakini ningewezaje kumfundisha mtu asiyesoma maandishi ya menyu, tena ya Kiingereza? Nilichora vitufe kwenye kipande cha boksi. Nikapeleka sokoni. Walikitazama, mmoja akakipindua juu chini, akasema ni ramani ya choo.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa kwaya, na sipendi kukiri, kwa sababu kuhusu simu hajui lolote. Alikuja kuchukua mafungu yake ya simu zilizochajiwa, akanikuta nikihesabu kwa sauti, "Menyu, chini, chini, chini, ndiyo."

"Hiyo ni sauti ya pili," alisema.

"Hiyo ni nini?"

"Ya nyimbo. Inapanda halafu inatua." Akaimba palepale, akipiga meza kwa kidole: menyu, chini-chini-chini, ndiyo, chini mara moja tena, ndiyo. "Wanakwaya wangu nusu hawasomi. Unafikiri wanajuaje beti sita za Kilatini?"

Bahati nzuri katochi zinazouzwa pale karibu zote ni za aina moja, na menyu zake zinafanana. Jumamosi tulikwenda sokoni pamoja. Yeye aliimba, mimi nilibonyeza. Wimbo wa kwenda una "chini" tatu, wimbo wa kurudi unaongeza ile ya mwisho, zinakuwa nne. Mwanzoni walitucheka. Kisha mama wa Lunyo akauchukua wimbo, akaurekebisha pale ulipokuwa umepooza, na wenzake wakaitikia. Jumatatu asubuhi niliwasikia wakikaribia geti, mabeseni kichwani, simu mkononi: "Menyu!" "Chini-chini-chini!" "Ndiyooo!" Askari wa geti aliuliza kama kuna harusi.

Simu zao nilizirekebisha bila malipo, zote. Nina msimamo kwamba fundi aliyekosea asimlipishe mteja kwa kosa la fundi. Na hasara ya samaki wa siku ile nilimfidia mama kwa kumtengenezea redio yake iliyokuwa bubu tangu mazishi ya mumewe. Aliisikiliza, akaongeza sauti, akapunguza. Kesho yake nilipofika kibandani nilikuta mwavuli umesimama mahali pake.

"Ile karatasi pia rudisha," alisema, akipita na beseni. "Bila karatasi unaonekana kama hao wengine."

Baada ya hapo watu walikuja kutoka Nabuyoga hata Tororo mjini, wakimtafuta "yule fundi wa wimbo." Nilijenga kibanda cha mbao chenye paa langu mwenyewe. Mjomba alinitembelea Novemba. Alizunguka kibanda mara mbili, akagonga mbao, kisha akatoa simu kutoka ndani kabisa ya koti kama mtu anayetoa magendo. Ilikuwa imejaa matangazo hata haiwezi kupokea simu. Alikuwa amebonyeza mabati.

"Sikubonyeza," alisema. "Ilijibonyeza."

Niliisafisha nikamrudishia. Sikusema kitu kwenye kundi la ukoo, na hilo naliona kuwa tendo kubwa kuliko diploma.

Siku moja kabla ya Krismasi nilikodi pikipiki mbili. Nilianza na mama wa Lunyo. Mwavuli ulikuwa umefungwa, na ndani yake nilikuwa nimeficha buti mpya za mpira za kuvaa ziwani. Alizivaa palepale, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kisha nikapanda Nagongera, meza ikiwa mgongoni mwa pikipiki miguu juu, na watoto wa njiani wakipiga kelele kwamba kuna ng'ombe amekufa. Mwalimu wa kwaya alipokea sola na betri yake, pamoja na taa mbili na nyaya mpya. Shangazi hakuutazama hata mguu wa meza niliokaza. Alivuta droo kwanza. Ilijaa karanga mpaka ikakwama, na karanga zikamwagika miguuni pake. Akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Kenya bila msaada wa mnara.

Mjomba alikuwa wa mwisho, amekaa uani na ukoo wote. Niliweka kigoda mbele yake, jogoo mwekundu amefungwa kwenye mguu mmoja. Alimpima jogoo kwa mkono, kama ninavyofundisha watu kupima chaja, akaridhika. Kisha akakikalia kigoda chake.

"Na sasa utakalia nini huko Busia?" aliuliza.

"Nimenunua kiti, mjomba. Kina mgongo."

"Kina mgongo!" aliwaambia watu. "Mmesikia? Diploma imeota mgongo." Wakacheka, na safari hii nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu sikuwa na deni la mtu hata mmoja pale uani.

Baadaye, jogoo akiwa jikoni, nilimwona mjomba amejitenga pembeni na simu yake, akibonyeza kwa bidii. Alikuwa akiimba chinichini, "Menyu, chini-chini-chini, ndiyo, chini tena, ndiyo." Nagongera haina mtandao wa Kenya wa kufungia nje, wala simu yake si katochi. Nilitaka kumwambia, nikamwacha aimbe.