Inchi Nne za Kigongo

Nyumbani Tabora wameniuliza kwa barua, tena mara mbili: mtu anayesomea kujenga madaraja amekwenda kijijini kufanya nini na rula ya futi kumi na nne? Jibu ni fupi. Chuo chetu kule Nairobi hakimvushi mtu mwaka mpaka apime ardhi ya kweli kwa mikono yake na hesabu zake zifunge. Zisipofunga, anarudia. Mwaka huu, wa pili tangu bendera yetu ipande, sisi tulipangiwa barabara inayoshuka kwenye kivuko cha Kigongo.

Jumatatu jioni tulipanda treni hadi Kisumu, na kesho yake tukaingia melini. Nilihesabu mizigo: darubini moja, rula mbili, vigingi ishirini. Nikahesabu tena. Mwenzangu Odhiambo alikuwa amekalia sanduku akinitazama. Kenya ilikuwa bado inangoja uhuru wake.

"Ninyi mlio huru bebeni," alisema. "Sisi bado tunatawaliwa, hatuwezi kujiamulia tuinue kipi."

Mwanza mjini hatukukaa. Niliona mawe tu, jiwe juu ya jiwe, kama vyombo vya mtu aliyehama kwa haraka. Mwalimu wetu, Mzungu mrefu asiyepoteza neno, alikuwa ametangulia na lori. Tulipita Usagara, na kabla ya adhuhuri tukafika Kigongo. Mvua za miaka miwili zilikuwa zimelijaza ziwa. Mahali pa zamani pa kupandia kivuko palikuwa chini ya maji, na samaki wakipita juu yake bila tiketi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaanzia kwenye jiwe lenye alama karibu na maji, unapanda ukisoma rula kwa darubini, kigingi hadi kigingi, mpaka cha mwisho. Siku ya pili unaanzia hapo hapo, unashuka hadi kwenye jiwe lile lile. Jiwe halitembei, kwa hiyo urefu wake juu ya maji lazima ubaki ule ule. Mwalimu aliruhusu kosa la nusu inchi.

Kigingi cha mwisho, cha nane, kiliangukia uani kwa Mama Kabula, mjane mwenye nyumba ya udongo na ndama mmoja mtundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kijiti ni cha kodi?"

"Ni cha kupimia barabara, mama. Siku mbili tu."

"Uwanja wangu haukaliwi bure." Alichukua fimbo ukutani. "Maji yamepanda kiasi cha fimbo hii tangu mvua zilipozidi. Niambie kizingiti changu kiko fimbo ngapi juu ya ziwa. Kama ni zaidi ya moja, nakaa. Kama haifiki, nahama kabla ya masika."

Nilijaribu kumwachia jibu la kukadiria. Alikataa. Nikaomba anilipe michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, akakubali. Tukapatana. Fimbo niliipima mara mbili: futi tatu na inchi sita. Kisha nikapiga kigingi, nikaandika daftarini kwamba kimebaki inchi sita juu ya ardhi. Odhiambo alicheka.

"Saidi, hiyo ya nini? Unakishonea suruali?"

Siku ya pili asubuhi, Mama Kabula akiwa shambani, tulianzia kwenye kigingi kile, tukasoma kwanza kizingiti chake, kisha tukashuka. Alasiri tulifika kwenye jiwe. Kwa mujibu wa daftari letu, jiwe hilo, kubwa kuliko lori, lilikuwa limepanda inchi nne tangu jana.

Nilijumlisha tena, kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Inchi nne.

"Tumeshuka kwa vituo vinane," Odhiambo alisema polepole. "Tukipunguza nusu inchi kila kituo, inaisha. Nani atajua?"

Hesabu hiyo ilikaa vizuri mno, na sokoni kitu kinachokaa vizuri mno mimi hukigeuza nione mgongo wake. Lakini nami sikutaka kurudia mwaka. Nilimwambia angoje, nikapanda kumpelekea Mama Kabula jibu lake: futi tatu na inchi nane, yaani fimbo moja na inchi mbili. Akae.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilipotazama kigingi. Nikapima. Kilikuwa kimebaki inchi mbili juu ya ardhi.

"Mama, hiki kigingi kimeguswa?"

"Ndama alikilaza jana jioni. Nikasema watoto wa watu watapata taabu, nikakirudisha tundu lile lile. Tena nikakigonga kwa jiwe kikaingia vizuri. Nyie mlikipiga kivivu."

"Ahsante, mama," nilisema. Kigingi kilikuwa kimezama inchi nne, na kila tulichosoma kutoka hapo, kizingiti na jiwe, kilionekana kimepanda inchi hizo hizo.

Tulikwenda kwa mwalimu na daftari likiwa na aibu zake zote. Niliomba siku mbili. Alisema lori linaondoka kesho. Nikaomba nusu siku. Akatazama saa yake, akatoa mpaka saa sita mchana. Alfajiri tulianza upya, Odhiambo akikimbia na rula kama anayefukuzwa. Tulipanda, tukashuka, tukafunga kwa robo inchi. Kizingiti cha Mama Kabula: futi tatu na inchi nne.

Nilimpelekea mwenyewe.

"Fimbo moja kasoro inchi mbili," nilisema. "Maji yakipanda kama yalivyopanda, yataingia mpaka hapa." Nikamwonyesha kwa vidole.

"Na yatapanda?"

"Hilo darubini haioni."

Aliangalia mlango wake. Kisha aling'oa kigingi cha nane, akapanda nacho mteremko, akakisimika penye majani makavu na kukigonga kwa jiwe.

"Haya, pima hapa."

Nikapima: fimbo mbili na nusu.

"Pima tena," alisema.

Nikapima tena. Akaniletea michembe.

Melini tukirudi Kisumu nilihesabu vigingi: kumi na tisa. Mwalimu aliuliza cha ishirini kiko wapi. Nikamwambia kiko kazini. Hakucheka, lakini daftari letu alilitia sahihi, na mwaka nimevuka.

Kwa wanaouliza nilichojifunza: inchi nne ambazo tungezigawa kimya kimya mezani zilikuwa na mtu anayelala ndani yake. Naye Odhiambo siku hizi, kila anapopiga kigingi, anaandika kimebaki inchi ngapi juu ya ardhi, kisha anauliza nani hapa ana ndama.