Samli ya Bibi Ndani ya Nta

Chwaaa! Mpaka leo nikinusa nta ya nyuki kwenye duka la mishumaa, nausikia mlio ule.

Mjomba alikuwa anajitengenezea mafuta ya kupaka risasi zake za kulengea shabaha klabuni, ziteleze kwenye mtutu. Kila Jumamosi aliyeyusha nta jikoni kwetu, ghorofa ya kumi na mbili, akijaribu kuchanganya hiki na kile: sabuni, vaselini, hata mafuta yangu ya nywele. Nyumba ilinuka kama soksi zilizochemshwa. Siku hiyo akafungua kopo la samli, ya mwisho Bibi kututumia kabla hajafariki. Niliitunza nijifunzie kupika chapati zake.

“Mjomba, hiyo ya Bibi!”

“Kijiko kimoja tu, mama. Acha risasi nazo zile vizuri.”

Akachota vinne. Chwaaa! Harufu ya Bibi ikapanda, ikamezwa na uvundo ule ule.

“Aa, laini mno,” akasema, akaumwaga mchanganyiko kwenye gazeti. Ukaganda kama makamasi.

Alipotoka kwenda kuutupa, nikajifungia chumbani na kopo, nikalikomba kwa kidole mpaka bati likang'aa.