Bibi yangu na nyanya aliyefungiwa kwa majirani wetu Kapsoit

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai. Hii sijapika. Ilitokea kwetu Kapsoit, na mwenye kubisha aje aulize mtaani.

Mke wangu Akinyi anapenda movie za suspense. Wikendi moja tuliona moja ya majirani wa estate wanaoficha kitu ndani ya nyumba. Ilipoisha akaniambia, "Hata hawa wetu wa hapa kando wananisumbua roho."

Hapo kando alikuwa amehamia kijana mmoja na mke wake. Wapole, wanasalimia vizuri. Walisema wanaishi wawili tu.

"Na zile nguo za nyanya, za mwanamke mzee, wanaanika ni za nani?" Akinyi akaniuliza.

Mimi hata sikuwa nimeziona. Wamama wa plot, majirani wengine, wakamwambia apunguze movie.

Jumamosi mchana hao wawili wakatoka, wakafunga mlango na kufuli kwa nje. Akinyi akaenda straight kwa dirisha yao, mimi nyuma yake, akabisha.

Pazia ikasonga. Nyanya mmoja, amekonda sana, akatuangalia.

Akinyi akamwongelesha Kipsigis. Bibi yangu ni Mjaluo wakuu, hiyo lugha alijifunza akiuza samaki soko ya Chepilat. Mimi Mkipsigis mwenyewe nikabaki kusikiliza tu.

Nyanya akasema huyo kijana ni mtoto wa ndugu yake. Alimtoa kwake Kaplong akimdanganya anampeleka hospitali. Kumbe alitaka aweke kidole kwa karatasi, shamba yake ya majani chai iuzwe. Amekataa, ndio akafungiwa.

Nikapigia chief. Kabla afike, kijana akarudi. Akinyi akasimama mbele ya mlango.

"Mama, hiyo ni maneno ya familia," kijana akasema.

"Sawa. Ngoja hapa basi, tuiongee na chief."

Sauti chini kabisa, na hakusonga.

Chief akaja na askari, kufuli ikafunguliwa. Leo nyanya yuko kwake, anachuna majani yake. Kijana ako na kesi kotini.

Nilichojifunza: ukiona kitu haieleweki kwa jirani, enda ubishe. Heri uitwe mwenye umbea kuliko mtu ateseke hapo kando yako.

Wewe ungebisha hiyo dirisha ama ungenyamaza? Niambieni ukweli hapo chini.

Na mama yangu, ambaye alikataa kabisa nioe mtu wa ziwa, Mjaluo, Jumapili iliyofuata alimshika Akinyi mkono mbele ya kanisa yote akasema, "Huyu ni msichana wangu."