Ukoo wa Nambari Mbili

Mnada wa kwanza wa farasi niliouhudhuria maishani mwangu niliuhudhuria nimekaa ndani ya gari, kiyoyozi kinawaka, katalogi ya Kiingereza iko mapajani. Baba alikuwa ameegesha Landkruza yetu ubavuni mwa uzio, dirisha langu likitazama uwanja, akaniambia nisishuke kwa sababu huko nje hakukuwa na chochote ila wanaume na mavi ya farasi. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika skuli moja ya wasichana hapo Ibra, Omani, nina miaka ishirini na minne, na kazi yangu siku hiyo ilikuwa kusoma nasaba za farasi na kumfasiria baba kupitia dirishani.

Niseme kwanza baba alikuwa anatafuta nini, maana hakuwa mfanyabiashara wala mtu wa mashindano. Kwetu Ibra, siku za Idi, wanaume wenye farasi hufanya ardha. Wanatoka wawili wawili, farasi ubavu kwa ubavu, wanapiga mbio kwenye njia ya mchanga huku kila mpandaji ameweka mkono begani mwa mwenziwe. Hakuna anayeshinda. Kinachosifiwa ni farasi wawili kwenda sawasawa, masikio kwa masikio, na mikono isitoke mabegani tangu mwanzo wa njia mpaka mwisho wake. Baba alitaka kitu kimoja tu hapa duniani baada ya kustaafu, nacho ni kukimbia ardha, hata mara moja, pamoja na mtoto wa ami yake.

Huyo mtoto wa ami yake mimi nilimwita ami. Yeye alizaliwa Ibra na hakuondoka. Baba alizaliwa Tabora, akarudi Omani miaka ya sabini akiwa mtu mzima mwenye Kiarabu cha chuoni. Babu yao ni mmoja. Jamaa walimpokea vizuri, wakamlisha, wakampa mkono kila Idi, lakini kwa miaka zaidi ya ishirini, kila mgeni alipouliza huyu nani, ami alijibu, "Huyu ni yule wa Afrika." Hakukusudia ubaya. Baba naye hakulalamika hata siku moja, ila mimi nilikuwa namtazama uso, na ikiniuma.

Kupanda farasi baba alijifunzia Maskati, alikokuwa karani wa stoo ya chakula katika zizi moja kubwa. Wachunga farasi wakimpandisha saa za mapumziko, naye akiwaongezea chai na sukari. Alipostaafu tukahamia Ibra, akatangaza kwamba anataka farasi. Mama, Mnyamwezi aliyezaliwa na kulelewa huko huko Tabora, aliuliza swali moja tu.

"Anakula nini?"

"Majani ya shamba, tende, na dagaa wakavu kidogo."

"Basi anakula vizuri kuliko mimi," mama akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Wenye farasi wa Kiarabu walio wazuri hawauzi. Wanawarithishana humo humo ndani ya familia. Kwa hiyo baba alichoweza kupata ni farasi wa mbio wa Kiingereza, wale warefu wanaoletwa kwa ndege, ambao wakishachoka na mashindano hunadiwa. Mnada wenyewe ulikuwa nje kidogo ya Bidbid, pale barabara ya kuja kwetu Ibra inapochepuka. Na baba mnada aliokuwa anaujua ni wa mbuzi wa Ijumaa kule Nizwa, ambako mwenye mbuzi anazunguka naye duarani na mnunuzi anamvuta, anamfunua mdomo, anamshika kiuno, ndipo anataja bei. Alipoingia na kumshika kiuno farasi wa kwanza, alinusurika teke kwa upana wa kofia. Akarudi dirishani mbio.

"Haya, mwanangu," akasema, "hawa ni wa kusomwa. Nisomee."

Kusoma kwenyewe si kazi kubwa ukishazoea. Kila farasi ana ukurasa wake. Juu wamewekwa baba yake, babu yake na baba wa babu yake. Chini yao mama, na mama wa mama. Halafu yanafuata maelezo marefu, ndugu gani alikimbia wapi akawa wa ngapi. Jamaa aliyeshinda mbio kubwa jina lake huchapwa kwa herufi nene nyeusi, kwa hiyo hata asiyejua neno la Kiingereza huona ukurasa upi umejaa wino. Baada ya robo saa wanaume wengine walikuwa wameshanigundua. Wakaja mmoja mmoja na katalogi zao, wanasimama upande wa dirisha wakitazama chini kwa adabu, wanaulizia namba fulani, wanaondoka. Mzee mmoja alinipa tende. Sijawahi kuwa na darasa lenye nidhamu namna ile.

Kosa tulilofanya mwaka huo lilikuwa kosa la watu kama sisi. Baba ni mtu anayeweza kukuhesabia mababu zake saba bila kuvuta pumzi, kwa sababu aliporudi Omani hiyo ndiyo karatasi pekee aliyokuwa nayo ya kujitambulisha. Basi nilipomsomea ukurasa wa dume mmoja mwekundu, baba yake kashinda, babu yake kashinda, baba wa babu yake kashinda, macho yalimjaa maji. "Huyu ana watu wake," akasema. Nilikuwa nimefurahi kumwona amefurahi, tukamnunua yule mwekundu.

Idi ikafika. Mimi na mama tulikuwa ndani ya gari pembeni mwa njia, pamoja na magari mengine ya wanawake. Ami alikuwa juu ya jike lake jeupe la Kiarabu, lililozeeka kidogo, lenye hatua fupi za adabu. Wakapanga ubavu kwa ubavu. Ami akanyanyua mkono auweke begani mwa baba, na wakati ule ule yule mwekundu akawaona watu, akasikia kelele, akakumbuka kazi aliyozaliwa kuifanya. Aliondoka. Ami alibaki na mkono wake hewani, kana kwamba anamwita mwuza halua. Baba alipita mbele yetu akiwa amelala shingoni mwa farasi, kilemba kimemfunguka, akaipita njia yote, akapita mashamba, akapita nyumba ya pampu, na tulimkuta baadaye kwenye bonde kavu akijaribu kumbembeleza mnyama kwa Kinyamwezi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama alicheka zaidi ya wote. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja.

Ami peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma baba. Alimngoja ashuke, akampa kilemba chake kilichookotwa, akasema kwa upole, "Farasi wako mzuri sana. Ila hamhitaji mwenziwe."

Idi iliyofuata ami alikimbia na mtu mwingine. Na iliyofuata hiyo pia. Yule mwekundu tulimwuzia mtu wa mashindano wa Maskati, na nasikia alishinda sana na kufurahiwa sana. Baba alirudia maisha ya mstaafu: asubuhi mashamba, jioni barazani, na kila alipotajwa kwa wageni alikuwa bado ni yule wa Afrika, ila sasa na kisa cha kuchekesha nyuma yake. Ndipo ami mwenyewe akasema, siku moja kwenye kahawa, kwamba magoti yamemwishia na Idi ijayo itakuwa ardha yake ya mwisho. Baba alirudi nyumbani. Akakaa. Halafu akaniuliza kama ile katalogi ya mnada imetoka.

Safari hii nilimwomba jambo moja, anipe katalogi niisome mimi kwanza, peke yangu, wiki nzima. Nilikuwa nimelitafakari lile neno la ami. Tulikuwa tumesoma kurasa zile kama wanavyosoma watu wa mashindano, tukitafuta nani kamwacha nani. Sisi hatukutaka kumwacha mtu. Basi nikaanza kuzisoma kichwa chini miguu juu. Kila penye herufi nene nikapapita. Nikawatafuta walioshindwa, lakini si wa mwisho, maana wa mwisho huenda ni mvivu au mgonjwa. Nilimtaka anayeweza kumfikia mwenziwe halafu asimpite.

Nilimpata usiku wa tatu, ukurasa wa karibu na mwisho wa kitabu. Dume la kahawia lililohasiwa, la miaka saba. Amekimbia mara kumi na moja: wa pili mara nane, wa tatu mara tatu. Hajashinda hata mara moja. Nikamtazama mama yake: wa pili, wa pili, wa pili. Ndugu zake wa tumbo moja, watatu, wote wa pili. Bibi yake mzaa mama alipata kushinda mara moja, na chini yake wameandika kwamba aliyemtangulia alinyang'anywa ushindi baadaye kwa kosa. Ukurasa ulikuwa mweupe kabisa, bila doa la wino mnene. Nilicheka peke yangu chumbani. Ukoo mzima wa nambari mbili, upande wa mama wote.

Baba hakupendezwa. "Mwanangu, huyu hana hata babu wa kumtaja."

"Baba, usimhesabu babu. Tazama mama yake."

Akamtazama mama yangu aliyekuwa anakuna nazi, akafunga kitabu. "Haya," akasema.

Tukapatana ishara, kwa kuwa mimi ningekuwa garini na yeye uwanjani. Honi moja, acha. Honi mbili, nunua. Na ilifaa tulivyopatana, kwa sababu kabla ya wetu aliletwa mweusi mmoja anayeng'ara, ukurasa wake wino mtupu, mababu wote mabingwa. Nikamwona baba anaanza kusogea mbele. Nikaona mkono unapanda. Nilipiga honi kwa kiganja kizima. Farasi akaruka, mnadi akanyamaza, wanaume mia wakageuka kutazama gari letu. Baba alishusha mkono akajikuna sikio.

Alipoingizwa wetu, hakuna aliyejishughulisha. Mtu wa kumvuta alikuwa Msudani mmoja, mtunza farasi wa siku nyingi, na baba alimwendea akamwuliza huyu ana kasoro gani. Yule Msudani akacheka. Alisema hana kasoro, ana mapenzi tu. Anakimbia vizuri mpaka amfikie wa mbele, akishamfikia anakaa naye. Wapanda farasi wamemchapa, wamemtukana, hataki kumpita. Baba akaomba atembezwe ubavuni mwa farasi mwingine. Yule mwingine akaenda, wetu akaenda. Yule akasimama kunusa uzio, wetu naye akasimama, akamngoja amalize kunusa. Baba aligeuka akalitazama gari.

Nikapiga honi mbili.

"Ya hajji," mnadi akamwambia baba mbele ya watu, "huyu hajapata kushinda kitu."

"Ndiyo," baba akajibu. "Nimemsoma."

Kwa miezi minne baba alimpanda kila alfajiri, na jioni alimfunga karibu na punda wa jirani asikae peke yake. Mama ambaye hakuwahi kumkubali yule mwekundu alimkubali huyu siku ya pili, kwa sababu alimfuata nyuma uani hatua kwa hatua alipokuwa anaanika nguo.

Ilipofika Idi, ami alipandishwa juu ya jike lake jeupe na watu wawili. Magoti hayakuwa mzaha. Alimtazama farasi wa kahawia, akamtazama baba, akaweka mkono begani mwa baba, na baba akaweka wake. Wakaondoka. Nilikuwa nimeushika usukani kwa mikono miwili na gari limezimwa. Mwanzo walikwenda vizuri, masikio kwa masikio. Halafu, katikati ya njia, lile jike jeupe likachoka. Nililiona linarudi nyuma, kichwa kimoja, kisha shingo nzima, na mkono wa ami ukaanza kuteleza kutoka begani kuelekea kwenye kiwiko. Nikamwona baba hafanyi lolote. Hakuvuta hatamu wala hakusema neno. Farasi wake ndiye aliyegeuza sikio moja nyuma, akafupisha hatua, akamngoja mwenziwe, mpaka mkono ukapanda tena mahali pake.

Walikwenda polepole kuliko wote siku ile. Walipofika mwisho wa njia, karibu na gari letu, farasi walisimama, na mkono wa ami ulikuwa bado uko begani. Palikuwa na mgeni kutoka Sur, mtu mzito mwenye fimbo ya fedha, akasogea kumpongeza ami, kisha akauliza, huyu mwenzio nani.

Ami alikuwa anahema. Akangoja pumzi imrudie.

"Huyu ni ndugu yangu," akasema. "Mtoto wa ami yangu."

Baba hakumtazama ami wala yule mgeni. Alilitafuta gari letu kati ya magari yote, akalipata, akabaki ananitazama, kilemba kimekaa sawasawa kichwani, machozi yanamtoka mbele za watu. Mama akaniambia, "Mjibu baba yako."

Nikapiga honi mbili.