Sketi ya Kuingilia kwa Mama

Mama alinifukuza kwa sababu ya suruali. Neno "toka" hakulitumia. Alisema tu, mbele ya akina mama wa kanisa, kwamba kwake kijijini Theta mwanamke haingii na nguo ya mwanaume, nami nikageukia pale pale getini nikarudi kwangu Ngoingwa. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni! Tukanuniana miezi mitano.

Kisha akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaona vizuri tena, na familia ikapanga maombi ya shukrani nyumbani. Kaka yangu akanipigia simu. "Hii usipokuja, jua hamtawahi ongea tena." Nilijua anasema kweli. Mimi na mama hakuna anayejua kurudi nyuma.

Sketi za mitumba zimejaa tele sokoni Thika. Ningenunua moja nikamaliza. Lakini hasira hasara: niliamua kuigeuza iwe sketi suruali ile ile ya jinzi niliyofukuziwa. Nilitaka aione, aitambue, halafu akose la kusema.

Nafanya kazi Ruiru, na nje ya duka letu kuna mama fundi wa nguo. Nilimuuliza, akanieleza bila choyo: nifumue mshono wa ndani wa miguu yote miwili, nisikomee hapo, nipande hadi ile kona ya katikati miguu inapokutana, mbele na nyuma, mpaka kitambaa kilale chenyewe. Ndipo nitie kipande cha pembetatu kuziba pengo.

"Hiyo kona usipofumua, itafura hapo mbele, auntie. Si uniachie tu?"

Nikadhani anatafuta kazi. Nikamcheka moyoni.

Jumamosi nzima ikapotelea hapo. Nilifumua kwa wembe mpaka vidole vikaniuma, na nilipofika kwenye kona nikakuta nyuzi mbili mbili, zimekaza ajabu. Nikasema yatosha, nikaanza kushona kwa cherehani yangu. Sindano ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjikia pale mishono inapokutana, kipande kikaruka, nusura kinitoboe shavu. Nikachukua nyundo nikaugonga ule mshono kwenye ngazi ili ulainike, jirani akauliza kama nabomoa ploti nzima ya wapangaji. Sindano ya tatu ikapita. Nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo: mbele imetuna kana kwamba nimeficha viazi. Niliitukana cherehani, nikamtukana na yule fundi aliyeniambia kweli, kisha nikalia kwa hasira.

Kesho yake, Jumapili ya maombi, nikaivaa hivyo hivyo. Ningeweza kuazima sketi kwa jirani, lakini kiburi kilikuwa kimeshanipanda kichwani.

Nilifika Theta nyimbo zimeshaanza. Mama aliniona nikiwa bado getini. Akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akaja akinitazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Salamu hakunipa. Aliinama, akaishika sketi pale mbele kwa vidole viwili.

"Haiya! Hii ni nani alishona?"

"Ni mimi, Mum."

"Na hapa imefura nini?"

Miezi mitano sijaisikia sauti yake, na hilo ndilo la kwanza kuniambia. Nikataka kugeuka tena. Lakini alikuwa ameshanikamata mkono, akanipitisha katikati ya wageni mpaka chumbani kwake. Akanirushia leso nijifunge, akanivua ile sketi, akaketi kitandani na wembe wake, akaanza kuifumua kona niliyoikimbia. Nje wimbo ulikuwa umekwisha na mchungaji alikuwa anamngoja.

"Mum, watu wanakungoja."

"Wangoje. Mtu mkubwa hivi hujui kufumua? Si ungeleta mapema tushone?"

Mapema! Kana kwamba si yeye aliyeniacha nirudi na njia. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitayarisha tangu wiki ya kwanza, neno kwa neno, na sasa lilikuwa limenijaa mdomoni.

"Shika hapa," akasema, akininyooshea ncha ya kitambaa bila kuinua macho. "Vuta."

Nikashika, nikavuta.