Mtoto Alikuwa Kiti cha Mbele

Mdogo wangu alipokamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, jambo la kwanza nililoshauriwa ni kunyamaza. La pili, kutafuta mtu anayemjua mtu. La tatu nitalisema likifika zamu yake, maana hata leo nikilikumbuka nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu. Babu yetu alikuja kutoka pwani akiuza vitambaa, akaoa huku, akazikwa huku. Watu wanatujua kama watu wa duka na watu wa msikitini. Duka alilirithi mdogo wangu, akaligeuza la vifaa vya ujenzi na kununua pikapu. Kwamba anakunywa, nyumbani wote tulijua, na wote tulijifanya hatujui. Mjini hakugusa. Alikunywa akipeleka mabati na saruji vijijini, na mama akilifua shati lake alisema ni harufu ya jasho la kazi.

Binti yangu alikuwa darasa la tatu. Baba yake alikwishafariki, na kila likizo nilimpeleka Masukulu kwa bibi yake mzaa baba, akashinde migombani na wenzake. Likizo ile ilipoisha mdogo wangu akaniambia, "Dada, usihangaike na nauli. Napeleka mabati kulekule, nitarudi naye." Nikashukuru. Mjomba ni mjomba.

Walitarajiwa mchana. Alasiri, mvua ikiwa imeanza, simu ikaita namba nisiyoijua. Mwanamke akauliza, "Wewe ni mama wa mtoto huyu?" Akamtaja binti yangu kwa jina na nguo aliyovaa. Nilikaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, kwa sababu mtu akianza kukutajia nguo za mwanao unajua kinachofuata. Akasema haraka, "Mzima, dada, mzima kabisa. Njoo kituoni umchukue."

Aliyepiga alikuwa askari wa barabarani, mwanamke wa rika langu. Nilimkuta binti yangu kwenye benchi, amefunikwa koti la mvua la polisi, anakula ndizi ya kuchoma. Hakulia. Aliponiona alisema tu, "Mama, mjomba kasema nisiseme tulisimama."

Askari akanieleza. Pikapu ilikuwa inakuja inayumba, imehama upande wake, ikalikosa lori la chai kwa upana wa kiganja. Walipoisimamisha, mdogo wangu alishindwa kushuka bila kushika mlango. Alipopuliza kile kipimo chao, kilisema kilichosema. "Dereva mlevi nimezoea kumwona," askari alisema. "Lakini mtoto kiti cha mbele, hana mkanda, nikasema leo hapana."

Nikampigia mama mkwe Masukulu, nikamweleza yote bila kupunguza. "Hapa aliondoka mzima, mwanangu," alisema. "Nilimpa chai. Angekuwa amelewa ningemwachia mjukuu wangu mimi?" Kisha akasema, "Ndaga fijo, ahsante kwa kunieleza. Wengine wangenificha." Kumbe alikunywa njiani, mtoto akiwa naye. Mtoto akanisimulia kwamba mjomba alisimamisha gari kwenye kilabu, akamnunulia soda, akamwacha ndani ya gari vioo vimefungwa, akaingia kunywa.

Nilimuuliza askari nifanye nini. Sikuwa nimewahi kufika kituoni kwa shida yangu. Akanijibu kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake. Huyu kwanza pombe imtoke, hapo hakuna wa kuongea naye. Akishakuwa na akili zake, ndugu anaweza kumdhamini, awe na kitambulisho na anakaa mahali panapojulikana. Kisha mahakamani, asomewe shtaka, aseme kweli au si kweli. "Akikubali, kosa la kwanza, mara nyingi ni faini na leseni kufungiwa. Na dada," aliongeza akipunguza sauti, "watakuja watu kukwambia kuna njia ya mkato. Usiwasikilize."

Sikufika hata nyumbani kabla hawajaja. Nilipitia kwa mama nikamkuta baba mdogo sebuleni, na mama amejifunika khanga kichwani kama yuko msibani. Hakuna aliyemgeukia mtoto. Naapa, hakuna. Alipita katikati yao na miguu yake ina matope, akaenda kukaa jikoni, na mama alichouliza ni, "Kuna mtu wa msikitini kaona?"

"Mama, mjukuu wako nusura afe."

"Alhamdulillahi hakufa. Sasa tumsitiri ndugu yako."

Kumsitiri! Neno zuri limefanywa gunia la kufichia uchafu. Tulikuwa tumemsitiri miaka yote, na stara yetu ndiyo iliyompa ufunguo wa gari.

Nilipomaliza kuwasimulia yaliyotokea, baba mdogo akaeleza mipango yake. Mimi ndiye niende kumdhamini jioni ileile, kwa kuwa nina kibanda changu na najulikana mjini. Yeye angezungumza na mtu. Na kama mtu huyo angeshindwa, mdogo wangu akane, aseme alikunywa dawa ya kikohozi. Hapo ndipo likaja la tatu.

"Shahidi wa maana ni mtoto," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa garini. Aseme mjomba alikunywa soda. Si kweli kulikuwa na soda?"

Akainuka, akaelekea jikoni, mzee mzima mwenye kofia yake iliyodariziwa, kwenda kumfundisha mwanangu uongo. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti mkubwa wangu, wala sikujua kama sauti hiyo ninayo.

"Baba, ukimwambia mtoto huyu neno moja, wewe na mimi tutaonana mahakamani. Mjomba wake kamwambia asiseme. Wewe unataka aseme uongo. Mnataka ajifunze nini, kwamba mtu akitaka kumuua anyamaze?"

"Unazungumza na nani hivyo?"

"Na wewe."

Mama akaanza kulia, akisema damu ni nzito kuliko maji. Nikamwambia damu ya binti yangu nayo ni damu, na ilibaki kiganja kimoja imwagike kwenye lami. Nikamchukua mtoto, nikaondoka.

Sikwenda kumdhamini. Mdogo wangu alilala rumande. Asubuhi nilikwenda kabla ya wao, na yule askari akaniruhusu kuzungumza naye. Alikuwa amevimba macho, shati limechafuka, ananuka. Alipoanza, "Dada, ni shetani tu," nilimkatisha.

"Shetani hana leseni. Sikiliza. Baba mdogo atakuja kukwambia useme dawa ya kikohozi. Ukisema hivyo, nitakwenda kwa mwendesha mashtaka nimweleze alichonieleza mtoto, kilabu mpaka lori. Ukisema ukweli, nitakaa nyuma yako mpaka mwisho."

Akaniuliza, "Kwani alikueleza nini?"

Ndipo nikatambua kwamba hakumbuki. Lile lori hakumbuki. Nikamweleza jinsi mtoto alivyofumba macho kwenye kona, na jinsi yeye mwenyewe alivyomcheka kwa kuogopa. Akauweka uso wake ukutani. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata machozi yake niliyaona kama ufidhuli.

Mahakamani aliposomewa shtaka alisema, "Ni kweli, mheshimiwa." Baba mdogo aliguna kwa nguvu mpaka karani akageuka. Hakimu akauliza kama ana la kusema. Mdogo wangu akasema, "Nilikuwa na mtoto wa dada yangu." Akatozwa faini, akafungiwa leseni, akaonywa kwamba akirudi hapo hatahurumiwa. Yote yaliisha upesi kuliko kupinda suruali.

Halafu yakaanza maneno ya watu. Sokoni walisema dada mtu kamwacha ndugu yake alale ndani. Wateja wawili walichukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Mwanamke mmoja, ninayemshonea tangu hajaolewa, aliniambia usoni, "Lakini hakuua mtu." Nikamwuliza kama anasubiri aue ndipo akasirike. Mama hakusema nami mpaka Ramadhani ikaingia. Yeye, mdogo wangu, alipikiwa supu, akapewa pole. Pole! Kana kwamba kaumwa na nyoka.

Naye sitamnyima haki yake. Aliajiri dereva, na alikuwa akipanda kilima kuja kibandani kwangu kwa miguu. Mara ya kwanza alimwomba binti yangu msamaha akiwa amechuchumaa, uso kwa uso. Mtoto akamsikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, mjomba," kisha akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akabaki hapo mpaka alipoondoka. Pombe hakuiacha mara moja. Aliiacha, akairudia, akaiacha tena. Sasa hivi sijui, na sinusi shati la mtu.

Leseni alirudishiwa. Juzi alikuja akiendesha mwenyewe, taratibu, akaegesha mbele ya kibanda. Anakwenda Kisiba, alisema, labda binti angependa kuliona ziwa la kule. Binti yangu sasa ni mkubwa kiasi cha kujibu mwenyewe, lakini aliniangalia mimi.

"Hapana," nilisema.

"Dada, mpaka lini?"

"Sijui."

Alisimama kidogo akichezea ufunguo, kisha akaagana nasi vizuri na kuondoka. Binti yangu akaendelea kukata nyuzi za sketi niliyomaliza. Nami nikakanyaga cherehani.