Pikipiki Yangu na Herufi ya Kooni

Pikipiki yangu ilianza kugonga mbele baada ya mvua za masika, wakati njia ya kuingia Makurunge ilipokuwa imebaki mashimo matupu. Nikishika breki ya mkono, ko! Nikiiachia, ko! nyingine, hafifu kidogo. Nikipita kwenye mawe, ko, ko, ko mpaka niendako. Mwanzo nilijifanya sisikii. Kisha nikawa nausikia mlio ule hata nikiwa jikoni nasonga ugali, na pikipiki yenyewe imesimama uani kimya.

Mimi ni mwalimu wa Qur'ani, na hasa nasomesha tajwidi, yaani namna ya kuitoa kila herufi mahali pake panapostahiki. Asubuhi nasomesha watoto hapa mjini Bagamoyo. Jumatano na Ijumaa alasiri nakwenda Makurunge kwa kina mama wakulima, watu wazima waliokikosa chuo utotoni kwa sababu walikuwa shambani wakifukuza ndege. Wananisubiri kwenye banda la makuti na majembe yao wameyaegemeza nje. Magari ya abiria yanaishia barabara kuu, na kutoka hapo mpaka bandani kwa miguu ni safari ya kuimaliza alasiri yote. Bila pikipiki darasa lile halipo. Hakuna mwalimu mwingine aliyekubali kwenda, nimeuliza.

Sasa nije kwa kaka. Mume wangu alipofariki, kaka yangu mkubwa alijitwika kazi ya kunichunga, na sikumbuki kama niliulizwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na mtu mwenye duka la vifaa huamini anakijua kila kitu chenye nati. Pikipiki hakuipenda tangu siku niliyoileta. Kwanza alisema ni mambo ya dini, akaenda kumuuliza shekhe, shekhe akamwambia haoni ubaya. Kisha akasema itaniharibu mgongo. Mgongo wangu ukaendelea vizuri. Ulipoanza mlio ule, kaka aliukunja uso, lakini mimi nilizaliwa naye tumbo moja na niliona amefurahi.

"Hiyo imekwisha," aliniambia tukiwa uani kwa mama. "Huko mbele kumelegea. Siku moja gurudumu litakwenda zake na wewe utakwenda zako. Ijumaa baada ya sala anakuja mtu kuiona. Ataichukua hivyohivyo ilivyo."

"Kaka, mimi sijasema nauza."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu zima, alhamdulillahi."

Mama alicheka, kisha akajitia anakohoa. Pikipiki ni yangu, nimeinunua mwenyewe. Lakini katika ukoo wetu mwanamke ana mali na kaka ana neno, na neno lake likikubaliwa na mama limekwisha kuwa sheria. Mama hakuwa na upande. Alikuwa na hofu tu, na hofu ya mama huwezi kuibishia.

"Mwanangu, kama yapona, iendeshe," alisema. "Kama haiponi, iende. Mimi sitaki kuja kuitwa barabarani."

Hapo nikajua nina mpaka Ijumaa.

Fundi wangu yuko Zinga, pembeni mwa barabara ya Dar, mtu wa makamo kama mimi, mwenye mikono mizuri na ubishi mwingi. Alinizungushia gurudumu la mbele, akatega sikio, akasema ni bolingi, ile pete yenye goroli katikati ya gurudumu. Akaitoa, akaweka mpya. Nikamshukuru, nikaondoka. Kwenye tuta la kwanza nikashika breki: ko! Nikarudi. Akasema basi ni shokapu, zile nguzo mbili zinazolishika gurudumu na kubonyea njia ikiwa mbaya. Akazifungua, akamwaga mafuta machafu, akabadilisha mipira yake, akazifunga vizuri, kazi safi ya kupendeza macho.

"Sasa ustadha utaiona laini kama maandazi," akaniambia.

Ni kweli, ilikuwa laini. Ilibonyea na kupanda kwa adabu zote. Nikashika breki: ko! Nililia, nasema kweli, na si kwa huzuni, kwa hasira. Faida ya helmeti ni kwamba mtu anaweza kulia barabara nzima na wapita njia wakamwona mwanamke mwenye heshima zake.

Alhamisi nikarudi Zinga, na safari hii nilikuwa nimenuna. Fundi naye alikuwa amenuna, maana hakuna fundi anayependa kuiona kazi aliyoimaliza inamrudia. Wenzake wa pale gereji wakakusanyika kutoa ushauri. Penye wengi pana mengi. Mmoja akasema pikipiki ya shemeji yake ilikuwa ikilia "kwa, kwa", ikawa ni madigadi. Mwingine akasema la, yake ililia "ng'a", ikawa ni breki. Wakaanza kubishana, kwa! ng'a! kwa! ng'a! watu wazima na ndevu zao, mpaka nikashindwa kuvumilia. Mimi kazi yangu ni kusikiliza. Mtoto akisoma kwenye safu ya nyuma akaila herufi, namjua bila kugeuka.

"Si kwa wala si ng'a," nikawaambia. "Ni ko, tena ina qalqala."

Wakaitikia, zaidi kwa adabu kuliko kwa kuelewa. Nikawaeleza kama ninavyowaeleza kina mama. Ziko herufi ukisimama juu yake zinadunda. Mlango wa sauti unafungwa kabisa, kisha unafunguka ghafla, na huo mdundo wa kufunguka ndio qalqala. Kitu kilicholegea kikaning'inia tu hakitoi mdundo wa namna ile, kinachakacha. Huu mlio wetu unafunga na kufungua: nikishika breki unafunga, nikiiachia unafungua. Kwa hiyo ni vyuma viwili vilivyotakiwa vishikamane daima, navyo vinaachana na kukutana.

"Sawa, ustadha," fundi akasema. "Lakini wapi? Mimi naisikia huku chini kwenye gurudumu."

Hilo ndilo lililonichekesha, kwa kuwa ni kosa la wanafunzi wangu wote. Sauti wanaisikia mdomoni, wanadhani imezaliwa mdomoni. Mtu anaisoma qaf, herufi inayotoka nyuma karibu na koo, kwa ncha ya ulimi, ukimwambia irudishe nyuma anakuapia kuwa amekwisha kuirudisha. Basi kule darasani hatubishani. Namwambia weka vidole viwili kooni, soma tena. Vidole havidanganywi na masikio.

"Fundi," nikamwuliza, "kama gurudumu ni midomo, na hizi shokapu ni ulimi, koo la pikipiki liko wapi?"

Fundi akagonga kwa spana pale juu, mahali ambapo mhimili wa usukani unapita ndani ya fremu. "Koo ni hapa."

"Shika breki ya mbele, halafu uisukume mbele na nyuma. Taratibu."

Niliweka kwanza vidole chini, karibu na gurudumu. Fundi akasukuma. Ko! Niliisikia kwa masikio, lakini vidoleni hapakuwa na kitu ila mtetemo wa mbali. Nikavipandisha mpaka kwenye kiungo cha shingo, kidole kimoja juu ya fremu na kingine juu ya kile chuma kinachozunguka na usukani. Akasukuma. Ko! Vidole vyangu vikaachana, vikakutana. Unene wa ukucha tu, lakini viliachana.

"Hapa!" nikapiga kelele, nikasahau baibui na ualimu wangu. "Inatoka hapa! Wallahi inatoka hapa!"

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alitoka nje akidhani kuna mwizi. Fundi hakuniamini hivihivi, na nilimpenda kwa hilo. Aliweka kreti chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia, akakaa mbele yake, akazishika zile shokapu kwa chini na kuzivuta kwake. Shingo yote ikacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akavuta tena, akatikisa kichwa, akachukua spana.

Alipoifungua tukaona sote. Goroli zinazozungukia shingoni zilikuwa kavu, nyekundu kwa kutu, na vikombe vya chuma zinamokaa vimechimbika vishimo. Maji na matope ya masika yaliingia na kula grisi yote. Mlio ulikuwa unazaliwa pale juu, ukateremka na vyuma mpaka chini, na sisi tukaenda kuupokea kwenye gurudumu.

"Nimeipasua midomo bure," fundi akasema, akicheka sasa, "na mgonjwa anaumwa koo."

Akaweka goroli na vikombe vipya, akajaza grisi bila uchoyo. Alipokaza nati mara ya kwanza usukani ukawa mzito, akailegeza kidogo, akaikaza tena, mpaka usukani ukawa ukiguswa unaanguka wenyewe upande huu au ule, na ukivutwa hauchezi hata chembe. Nikapanda. Tuta la kwanza, kimya. La pili nikalifuata kwa makusudi na breki nikaishika juu yake, kimya. Nilipiga kigelegele ndani ya helmeti mpaka nikajiumiza masikio. Furaha ile sijui niifananishe na nini. Nilikuwa nimeambiwa na watu wengi kwamba kitu changu kimekwisha, na hakikuwa kimekwisha.

Ijumaa baada ya sala mnunuzi alikuja na kaka. Sikumzuia. Nilimpa ufunguo kwa mikono miwili, akazunguka mtaa mzima, akapita kwenye mashimo ya nyuma ya soko, akarudi anatabasamu.

"Mzee, mbona uliniambia mbovu?" akamwuliza kaka. "Hii nzima kabisa. Mbele imetulia hivi!"

Kaka akanigeukia na uso mkunjufu, uso wa duka. "Umeona? Sasa ndiyo itauzika vizuri."

Mama alikuwa kizingitini amekaa kwenye kibao, nami nilijilazimisha kusema polepole, kama ninavyosoma mbele ya watu.

"Kaka, ulisema inauzwa kwa kuwa mbovu. Mnunuzi wako mwenyewe amesema nzima. Sasa inauzwa kwa nini?"

Kaka akamtazama mama.

"Unaulizwa wewe," mama akamwambia. "Jibu."

Mnunuzi akaanza kuyaangalia matairi kana kwamba hajayaona. Kaka akavuta pumzi, akaishusha. Kwa mara ya kwanza tangu nilete pikipiki nyumbani, hakutaja dini, hakutaja mgongo, hakutaja mlio.

"Watu wanasema," akasema.

"Wanasema nini?"

"Wanasema... wanasema dada yake fulani anaendesha pikipiki."

"Basi wanasema kweli," nikamjibu. Nikapokea ufunguo kwa mnunuzi, nikamwomba mama radhi, nikavaa helmeti, nikaenda Makurunge kusomesha.